Muulize Mwalimu: Baba alisema "Amina" ili nimwache alale

Bwana asifiwe, Mwalimu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Umoja na nauza nguo za watoto pale Mutindwa. Niliokoka miaka 6 iliyopita. Wakati huo ndoa yangu ilikuwa imevunjika na nilikuwa nimeanza kunywa, na sisemi hivi kwa kujipamba: Yesu alinitoa mahali ambapo nisingetoka kwa nguvu zangu. Kwa hiyo nikisikia watu wakiwacheka walokole, huwa naumia.

Baba yangu ana miaka 77. Ni Mkatoliki wa kule Kangundo, na si yule wa Krismasi na Pasaka. Alikuwa katekista kwa zaidi ya miaka 20. Nusu ya rika langu kijijini walifundishwa naye kabla ya Komunyo ya kwanza na Kipaimara, nami nikiwa mmoja wao. Huniita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mamake. Tangu Novemba anaishi kwangu, maana figo zimeshindwa na ni lazima asafishwe damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa.

Kanisani kwetu huu ni mwaka wa mavuno. Kila mshirika alipewa kadi ya kuandika majina ya watu 5 atakaowaleta kwa Yesu kabla ya Pasaka. Mimi nilikuwa na 4. Kwenye ushirika wetu wa Alhamisi niliomba tumwombee baba, na kiongozi wetu akasema mzee amefungwa na dini, na dini haimfikishi mtu mbinguni. Akanisomea Ezekieli: nisipomwonya naye akafa, damu yake itatakwa mkononi mwangu. Mwalimu, tangu siku hiyo usingizi umenihama. Akikohoa usiku naruka kitandani nikidhani ndiyo saa yenyewe.

Nikaambiwa nianze kwa kuondoa vizuizi nyumbani. Nikaificha rozari yake. Nilimwambia huenda ilisahaulika hospitali. Hakubisha. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi kitandani akihesabu kwa vidole, kumi, kisha kumi tena, midomo ikicheza. Nikapita kama sijaona. Wanajumuiya, Wakatoliki wenzake wa hapa mtaani, walipopiga simu kutaka kuja kusali naye, nikawaambia amelala.

Ijumaa moja alitoka kwenye mashine amechoka hata kijiko hakishikiki. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamsihi aseme nami sala ya toba. Alinitazama kitambo. Akasema, "Haya, mama, sema." Akanifuatisha neno kwa neno hadi "Amina", halafu akageukia ukutani. Nililia kwa furaha. Nikaandika jina lake kwenye kadi, la tano.

Jumapili pasta akalitangaza mbele ya watu wote: katekista wa miaka 20 ametoka gizani! Kanisa zima likasimama kwa makofi na vigelegele. Mtu alirekodi, video ikafika hadi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, na binamu yangu akamwonyesha baba. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, kumbe siku zote nilikuwa gizani?" Nikakosa la kumjibu.

Naomba unisaidie. Je, sala ile inahesabika? Akifa vile alivyo, amepotea? Na mimi nimekosa nini hasa, ikiwa nilichotaka ni tuwe pamoja mbinguni?

Aliyechanganyikiwa, Umoja

*

Asifiwe sana, binti yangu.

Kabla hujafika aya inayofuata, inuka uitoe hiyo rozari ulikoificha umrudishie mzee. Mpe mkononi, na umwambie ukweli kwamba haikusahaulika hospitali. Jibu langu litakungoja.

Umerudi? Haya, tuzungumze.

Mama yangu aliokoka mapema miaka ya 1950 kule Limuru, katika ule Uamsho uliowaka Gahini nchini Rwanda, ukaenea Uganda, ukaingia Kenya mwaka 1937. Kikwetu watu hao waliitwa ahonoki, yaani waliookoka. Walikuwa na mambo yao, na wapo waliowaona wasumbufu, lakini kuna alama moja ambayo hata wasiowapenda waliikubali: mtu akiokoka, alirudisha. Aliyeiba jembe alirudisha jembe. Mama alikuwa amewahi kufanya kazi jikoni kwa mlowezi mmoja, na wiki yake ya kwanza ya wokovu alitembea hadi huko na vijiko viwili na foronya moja, akamkabidhi bibi wa nyumba, ambaye hakuwa hata na habari kwamba vilipotea. Yule bibi alidhani mama ana homa. Nimemsikia mama akisimama kushuhudia pengine mara mia, na kila mara alianzia kwenye vile vijiko. Hakuwahi kuanza na dhambi ya jirani.

Ndiyo maana nalijibu kwanza swali lako la mwisho. Ulichukua kitu cha mzee mgonjwa, ukamdanganya, ukawafungia mlango waliotaka kumwombea, kisha ukamsubiri achoke. Kwamba ulifanya hayo kwa upendo nakubali, tena machozi yako nayaamini. Lakini kitu kilichoshindwa kusemwa mzee akiwa na nguvu zake, mchana kweupe, hakikupaswa kusemwa akiwa hajiwezi. Nakuambia bila kuzungusha kwa kuwa toba ni lugha unayoifahamu.

Sasa ile sala. Umeuliza kama "inahesabika", na nadhani neno hilo umelipata kwenye kadi. Paulo anaandika katika Warumi 10:9 kwamba ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni mwako ya kuwa Mungu alimfufua katika wafu, utaokoka. Kinywa na moyo. Kinywa cha baba ulikipata. Moyo wake Ijumaa ile ulikuwa na kazi nyingine: ulikuwa unambembeleza mtoto anayelia. "Haya, mama, sema." Mimi nimelea watano, na sauti hiyo naijua.

Tena angalia yaliyomo ndani ya sala yenyewe. Kwamba Yesu ni Bwana, kwamba alikufa kwa ajili ya dhambi zetu akafufuka, kwamba mimi ni mkosefu naomba rehema. Hakuna hata moja hapo ambalo baba yako hajalitamka katika Nasadiki na katika maungamo ya mwanzo wa Misa tangu hujazaliwa. Hukumwambia jambo jipya. Ulimwomba aseme maneno yake ya siku zote, ila sasa yahesabiwe kwenye kadi yako.

Siidharau sala ya toba, usinielewe vibaya. Wengi wamekutana na Kristo kweli kweli wakiisema, na huenda wewe ni mmoja wao. Lakini ijue asili yake. Katika Matendo ya Mitume humkuti mtu anayefuatishwa sala neno kwa neno. Askari wa gereza la Filipi aliuliza afanye nini apate kuokoka, akajibiwa, "Mwamini Bwana Yesu," kisha wakaketi kumweleza neno la Bwana yeye na watu wa nyumbani mwake, usiku huo huo, na majeraha ya Paulo na Sila yakaoshwa. Desturi ya kuwaita watu mbele ilipata nguvu Marekani. Charles Finney, miaka ya 1830, alitenga viti vya mbele kwa waliosumbuka rohoni, na karne iliyofuata Billy Graham, aliyehubiri hapa kwetu mwaka 1960, akaufanya mwito huo ujulikane dunia nzima. Ni njia iliyobuniwa na watu ili kuwasaidia watu. Mnyang'anyi pale msalabani hakuwa na wa kumfuatisha. Alisema, "Nikumbuke," akaahidiwa pepo siku hiyo hiyo.

Mahali ambapo wewe na baba mnapishana kwa kweli ni hapa, na sitaki nijifanye hapapo. Kanisani kwako wokovu una tarehe. Nilikuwa kule, nikavuka, leo niko huku. Baba amefundishwa, naye akafundisha, kwamba wokovu huanza kwenye maji ya ubatizo, hulishwa kwa Ekaristi, huponywa kwa Kitubio, yaani maungamo kwa padri, na mtu huuendea hivyo hivyo hadi pumzi ya mwisho. Kwa hiyo ukimuuliza "Baba, umeokoka?" yeye anasikia kana kwamba unamuuliza amekwisha kufika, naye bado yuko njiani. Mkatoliki mcha Mungu akisema "nimeokoka" anajiona amejivuna. Mlokole asiposema hivyo anajiona amemkana Yesu. Mnaweza kukaa nyumba moja miaka mingi mkigombania neno ambalo kila mmoja analisikia kivyake.

Na Paulo mwenyewe anatumia njeo zote tatu! Waefeso 2:8, mmeokolewa kwa neema. 1 Wakorintho 1:18, sisi tunaookolewa. Warumi 5:9, tutaokolewa. Nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi wangu wa kidato cha tatu aya hizo tatu ubaoni na kuwaacha wabishane. Kelele zilifika ofisi ya mwalimu mkuu.

Kiongozi wenu ana haki katika jambo moja: dini haiokoi mtu. Ila amekosea kudhani kwamba kwa kusema hivyo amempinga baba yako. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa makanisa ya Kilutheri walitia sahihi Azimio la Pamoja wakikiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema huja kama tunda. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Wakatoliki na Walutheri ndio waliokuwa wametupiana laana kuhusu jambo hilo hilo kwa zaidi ya miaka 400. Hawakumaliza tofauti zote. Lakini anayesema leo kwamba Mkatoliki anategemea kujinunulia mbingu, habari zimempita.

Kuhusu rozari, mimi ni Mwanglikana na siisali, kwa hiyo sitetei cha kwangu. Najua watu wa kanisa lako wanavyoona kumwomba Maria, na hilo ni jambo ambalo Wakristo wanatofautiana kwa dhati, usilazimike kulikubali. Lakini ulikuwa mwanafunzi wa baba, kwa hiyo ile Salamu Maria inayorudiwa humo unaikumbuka. Inaishaje? "Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Kwa rozari moja husemwa zaidi ya mara 50. Mwanamume ambaye kila siku ya maisha yake amejiita mkosefu na kuitaja saa ya kufa kwake mara 50, wewe ndiwe uliyekwenda kumzindua kuhusu kifo? Vidole vile ulivyoviona asubuhi vikihesabu, ningekuwa wewe ningekaa chini nivitazame vizuri.

Ezekieli sasa, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Mungu alimweka nabii huyo kuwa mlinzi wa Israeli. Kazi ya mlinzi ni kuona upanga unakuja na kupiga tarumbeta. Soma usiishie sura ya 3 mstari wa 18; wa 19 unasema ukimwonya mtu mwovu naye asiache uovu wake, atakufa katika uovu wake, bali wewe umejiokoa roho yako. Mlinzi hadaiwi matokeo. Halafu huyo anayeonywa ni "mtu mwovu", aliye katika uovu wake. Nimeisoma barua yako mara tatu nikiutafuta uovu wa baba yako, sikuuona.

Na sisi hatukuitwa walinzi tu. Matendo 1:8, "mtakuwa mashahidi wangu." Kiswahili chetu kina bahati hapa: kushuhudia na shahidi ni neno moja. Siku moja pita Barabara ya Jogoo uingie Mahakama ya Makadara, ukae nyuma usikilize. Shahidi anapanda kizimbani anaulizwa aliona nini. Akianza kusema, "Mimi najua huyu ana hatia," hakimu anamkatiza. Akijibu kwa niaba ya mtu mwingine, anakatizwa. Anasema alichokiona kwa macho yake, anashuka, anakwenda kupanda matatu. Hukumu ina mwenyewe. Wewe una ushuhuda mzuri ajabu: ulikuwa mlevi, ndoa imevunjika, Yesu akakutoa. Umewahi kumsimulia baba hayo, polepole, bila kumalizia na "na wewe je"? Barua yako haionyeshi. Inaonyesha ulimpa hukumu, na ushuhuda ukabaki nao mwenyewe.

Petro naye anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, lakini kwa upole na kwa hofu. Anayetuuliza. Baba angekuuliza mengi, nadhani, kama ungempa nafasi.

Umeuliza kama amepotea akifa hivi. Binti yangu, aliyepewa mamlaka ya kujibu hilo si mimi, si pasta wako, wala si padri wake. Yesu alisema hakuna awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba aliyempeleka, nami siwezi kuona kamba hiyo imefungwa wapi ndani ya mtu. Abrahamu alipoihofia Sodoma aliuliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote atakosa kutenda haki. Hapo ndipo ninapolaza kichwa changu kwa habari ya wafu wangu, akiwemo mume wangu, aliyekuwa mgumu kuliko baba yako mara kumi na hakuwahi kuhesabu chochote kwa vidole isipokuwa pesa.

Ya pasta ni mafupi. Nenda kwake siku ya kazi, usiende na kundi, umwambie mzee hakuamua jambo lolote siku ile na jina lake liondolewe kwenye hesabu. Video ifutwe kila ilikowekwa. Imani ya mtu na hali ya afya yake ni taarifa nyeti hata kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, achilia mbali adabu. Kadi yako ibaki na majina 4, au irudishe. Akikuambia umerudi nyuma, mjibu kwa heshima kwamba umerudi kwa baba yako. Kwenye kundi la ukoo andika wewe mwenyewe, mistari miwili inatosha, kwamba yaliyotangazwa hayakuwa kweli na umemwomba mzee msamaha. Itakuuma. Vijiko vya mama pia vilikuwa vizito.

Wapigie simu wanajumuiya uwaambie mzee ameamka. Muulize baba kama angependa padri aje na Komunyo na Mpako wa Wagonjwa. Yakobo 5:14 hata kanisani kwenu mnausoma. Wewe unaweza kukaa sebuleni kama dhamiri haikuruhusu kushiriki. Chai tu utawapikia.

Halafu Ijumaa. Mashine hiyo, najua kwa sababu ya dada yangu, huchukua kama saa 4 kila kikao, na mgonjwa hana pa kwenda. Usiutumie muda huo kumhubiria mtu aliyefungwa mirija. Utumie kumjibu, kwa kuwa bado unamdai jibu la lile swali lake la gizani. Mwambie la kwako kwanza, lile la pombe, kama hajawahi kulisikia lote. Kisha muulize yeye alimjuaje Yesu, na nani alimfundisha, na kama kuna siku aliyomwona karibu kuliko siku zote. Usimsahihishe. Beba themosi ya chai, lakini iwe yako, maana yeye vinywaji hupimiwa.